Mpira Aliouruka Bibi Harusi

Nanyama hakuzaliwa na jina la Mama Hewa. Alibandikwa jina hilo na mtu mmoja, mchana mweupe, mbele ya watu, naye akaapa moyoni kwamba mtu huyohuyo ndiye atakayelibandua, na atalibandua mchana mweupe vilevile, watu wakitazama.

Mtu huyo alikuwa Mungai, mwenye gereji ya Kabiria. Siku hizo bendera ya uhuru ilikuwa bado haijapauka, na mashamba ya mahindi ya Kabiria ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kukatwakatwa viwanja. Gereji yenyewe haikuwa na ukuta wala paa la maana. Ilikuwa kiwanja cha mteremko kando ya barabara, chenye mikaratusi michache na udongo mweusi kwa mafuta machafu. Magari yaliegeshwa pua ikitazama juu, barabarani, tayari kwa kutoka. Hilo la pua kutazama juu liwekwe akilini, maana ndiko uchungu wote ulikoanzia.

Nanyama alikuwa mke wa Shem, kibarua wa mjengo, na wote wawili walikuwa wametoka upande wa Mlima Elgon. Pale gereji aliuza uji wa wimbi na viazi vitamu. Na uji wake ulikuwa uji: mzito, mchachu kidogo, wa kumshika mwanamume tumbo mpaka jioni. Mungai mwenyewe aliunywa kila siku na kupangusa masharubu kwa mkono wa shati, lakini hakuwahi kumuuliza huyu mpishi anaitwa nani. "Wewe mama wa uji, leta," basi.

Sasa, gereji ile ilikuwa na mwiko. Mwanamke haruki paipu. Paipu ikishafunguliwa kutoka kwenye injini na kulazwa juu ya gunia, mwanamke azunguke, hata kama kuzunguka kwenyewe ni kupitia matopeni. Akiiruka, ati injini itaingia hewa na haitawaka. Nani alitunga jambo hilo hakuna aliyejua. Mungai alisema aliukuta mwiko huo kwa madereva wa malori, na madereva labda waliutoa kwa mama zao, waliokataza watu kuruka miguu ya mtoto aliyelala. Nanyama aliuheshimu. Alizunguka na sufuria yake ya moto kichwani, maana biashara ilikuwa yake lakini kiwanja kilikuwa cha Mungai.

Ndipo likaja lile gari. Lilikuwa gari jeusi la dizeli, limezeeka lakini bado lina maringo, mali ya Ephantus, mtu wa Dagoretti mwenye malori. Mafundi wakaliita Mjerumani. Jioni Mjerumani ananguruma vizuri. Asubuhi ni maiti. Mungai anafungua skrubu juu ya filta, anapiga ile pampu ndogo ya mkono, linatoka povu, povu, povu, kisha dizeli safi. Anafunga, gari linawaka. Kesho yake ni maiti tena. Mungai akatafuta tundu. Alifuta kila paipu kwa kitambaa kikavu, akalala chini ya gari akingojea tone. Hakuna tone. Paipu zote zilikuwa kavu.

"Kama haivuji, hewa inaingilia wapi?" akawa anauliza.

Asubuhi moja Ephantus akaja mwenyewe, koti na kofia, akakuta gari limekufa vilevile. Akasimama juu barabarani akapaza sauti.

"Mungai! Hii ni gereji ama ni mochari? Kila siku nakuja kutambua maiti!"

Mafundi wakacheka. Mungai hakucheka. Macho yake yakatafuta pa kutua, yakatua kwa Nanyama, aliyekuwa ameinama akimpimia mtu uji, si mbali na gunia lenye paipu.

"Ni huyu!" akasema. "Ni huyu mama! Ameruka paipu!"

"Mimi? Mzee Mungai, mimi nimezunguka. Hata hawa wameniona."

Hawa wakaangalia viatu vyao. Kila mmoja alikuwa na kikombe cha uji wake mkononi, na kila mmoja aliangalia viatu.

"Umeruka! Ndiyo maana nahangaika na hii hewa siku zote hizi. Hewa ni yeye anatembea nayo! Mama Hewa!"

Akaishika ile sufuria kwa mikono miwili akaimwaga. Uji wote ukateremka na mteremko mpaka chini ya magurudumu ya Mjerumani. Ephantus akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mama Hewa!" akasema naye, akiiokota.

Nanyama akakusanya vikombe vyake, kimoja kimoja. Fundi mmoja alikuwa bado anakunywa. Alimpokonya kikombe mdomoni, akakimwaga nacho. Hakulia. Alimtazama Mungai kutoka kichwani mpaka viatuni, na kutoka viatuni mpaka kichwani, kama mtu anayenunua ng'ombe, ili asije akamsahau.

Jina likashika kama kupe. Madereva wa Kabiria hawakumtaka karibu na magari yao. Watoto wakimwona wanapaza sauti, "Mama Hewa, tujazie mpira!" Yeye na Shem wakahama, wakapanga chumba Kangemi, lakini jina nalo likahama, lilifika sokoni kabla yeye hajanunua mboga za kwanza. Siku Shem alipojisahau akamwita hivyo kwa mzaha, alilala na njaa.

"Achana nao," Shem akamwambia. "Jina ni maneno tu."

"Wewe leo huko mjengo uliitwa nani?"

"Niliitwa Shem."

"Basi nyamaza."

Ndipo Nanyama akaupeleka uji wake mjini, kule chini Grogan, karibu na mto, ambako mafundi wamejaa pande zote za barabara na hakuna aliyemjua. Huko akamkuta Ogutu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye kazi yake ilikuwa pampu za dizeli na hakuna kingine. Nanyama alimpa uji siku nyingi kabla hajamuuliza lililomkaa kooni.

"Mzee Ogutu, hewa inaweza kuingia mahali ambapo dizeli haitoki?"

Ogutu akaweka kikombe chini. "Shemeji, hilo hata mafundi hawaniulizi. Kwenu wazee wanakunywa busaa na nini?"

"Na mrija. Lusekhe."

"Sasa, lusekhe ikipasuka huku juu, mbali na chungu, mzee akivuta anapata nini?"

Nanyama akamwona babu yake. Wazee wameketi kuzunguka chungu kimoja cha pombe, kila mmoja na mrija wake mrefu, babu anavuta, mashavu yanabonyea, na anachopata ni povu na pumzi tupu. Babu anautukana mrija, anaupitishia kidole polepole, mpaka anapoukamata ufa mwembamba kama unywele. Na nje ya mrija hakuna hata tone.

"Anapata hewa," akasema. "Na mrija ni mkavu."

"Basi umemaliza shule," Ogutu akasema. "Kutoka tangi mpaka pampu, gari linavuta. Ufa ukiwa hapo unaingiza hewa na haumwagi kitu. Kutoka pampu mpaka nozeli zinazonyunyiza dizeli injini, linasukuma. Ufa ukiwa hapo ndio unatapika dizeli. Fundi anayetafuta tone upande wa kuvuta atazeekea chini ya gari. Na ukiliegesha pua juu, ndiyo kabisa. Hewa inaingia kwa ufa, dizeli inateremka kurudi tangini, na asubuhi pampu inavuta upepo."

Pua juu. Nanyama akaketi juu ya debe. Hasira aliyokuwa ameifunika miezi mingi ilichemka upya, maana sasa alijua kwamba uji wake ulimwagwa kwa sababu ya mteremko na ufa, na kwamba aliyeumwaga alikuwa amelala chini ya ufa huohuo asiuone.

"Nifundishe," akasema.

"Wewe? Unataka kununua gari?"

"Nataka kumkomesha mtu."

Ogutu akavua miwani akamtazama vizuri. "Hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote nimewahi kuambiwa hapa Grogan."

Akajifunza. Alianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta taa, kisha akashika spana. Alijifunza kwamba skrubu ya filta hufungwa dizeli ikiwa bado inatiririka, usipofanya hivyo inavuta pumzi tena. Alijifunza kuzipasha moto zile washa za shaba, vipete vinavyoziba maungio ya paipu, mpaka ziwe nyekundu, kisha kuzitumbukiza majini, zilainike na kuziba upya. Na alizipashia kwenye jiko lilelile la uji. Juu ya yote Ogutu alimpa kipande cha mpira mwangavu, kama ule wa maji ya hospitali. Ukiunganishwa katikati ya njia ya dizeli, vipovu vinaonekana vikipita, na hakuna wa kubishana na macho yake.

Ogutu alipozeeka akarudi kwao Ugenya, alimwachia Nanyama meza yake na miwani, ingawa miwani haikumfaa kitu. Grogan ikamjua kama Fundi Nanyama. Lakini jioni akifika Kangemi alikuwa Mama Hewa, na binti yake aliporudi shuleni akilia kwamba anaitwa Mtoto wa Hewa, Nanyama aliikaza kamba ya aproni yake.

Habari za Mungai zilimfikia zenyewe. Kwamba ametajirika, kwamba ana vyumba vya kupangisha Kabiria yote. Kwamba Ephantus alichoka na Mjerumani akamuuzia Mungai, na sasa Mungai anajisifu kwamba alimponya. Amemponya vipi? Nanyama akauliza, na dereva mmoja akamwambia: "Anamwegesha pua chini kila siku. Hawezi kumwegesha pua juu, hata umlipe." Nanyama siku hiyo alicheka peke yake mpaka machozi. Mtu alikuwa amenunua gari, akanunua na ufa wake.

Akangoja. Kungoja hakukumchosha.

Jumamosi moja, katikati ya miaka ya sabini, wanaume wenye suti walitokea Grogan wakisukuma gari jeusi kinyumenyume, jasho likiwatoka. Lilikuwa limefungwa riboni nyeupe. Lilikuwa limesimama kwenye foleni ya kupandia mjini, pua juu, limejaa watu, na hapohapo likafa. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na Waceke, binti wa Mungai, katika nguo yake ya harusi, pamoja na Cucu, mama mzazi wa Mungai, mwanamke mkongwe mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Shangazi watatu walikuwa wanafuata kwa teksi, nao wakateremka, teksi ikajiendea. Kanisa lilikuwa juu tu pale mjini, lakini bibi harusi hafikishwi kwa miguu, na wakwe walikuwa wameshaketi.

Mungai, tumbo mbele na ua kwenye koti, akauliza, "Fundi wa dizeli hapa ni nani?"

"Ni yule mama," wakamwonyesha.

"Mwanamke?"

"Kama hutaki, kuna mwingine Thika."

Hakumtambua. Na angemtambuaje, mtu ambaye hakuwahi kumtazama usoni? Nanyama yeye alimtambua kutoka viatuni kwenda juu. Alifungua boneti, akaunganisha mpira wake mwangavu, akamwambia dereva apige stata. Vipovu vikapita kimoja nyuma ya kingine kama watoto wanaotoka shule. Akalala chini ya gari, akaipitishia paipu kidole polepole, jinsi babu alivyopitisha, mpaka karibu na tangi, chini ya kibano kinachoishika paipu. Ufa huo. Mkavu kabisa.

Pale chini, mgongo kwenye udongo, Nanyama aliushikilia uhai wa siku ya Mungai kwa kidole kimoja. Mfukoni alikuwa na kipande cha sabuni. Ufa ukipakwa sabuni na kufungwa kitambaa, gari linawaka, linapanda mlima, linafika mlangoni pa kanisa, na hapo, wakwe wote wakitazama, linakufa. Aliiona picha hiyo yote. Alikuwa ameshaishika sabuni, na picha ikawa tamu mdomoni mwake kama sukari.

Lakini Mungai atasema nini akiwa pale mlangoni pa kanisa? Atasema, mwanamke aliligusa. Atasema, si mnaona? Na jina la Mama Hewa litanenepa, lipelekwe na wageni wa harusi mpaka Nyeri. Nanyama akairudisha sabuni mfukoni. Hapana. Sabuni ilikuwa kisasi kidogo mno.

Akatoka chini. Akakata ile paipu mbovu, akachukua mpira mpya na vibano vyake, akapasha washa kwenye jiko la uji. Kisha akatandika gunia mbele ya mlango wa gari, akaulaza mpira mpya juu yake, akasimama, mikono kiunoni.

"Mbona unasimama?" Mungai akasema. "Funga, mama! Wakwe wanangoja!"

Na kweli Wahome, mjomba wa bwana harusi, alikuwa ndiyo kwanza amefika kwa miguu kutoka kanisani kuuliza bibi harusi yuko wapi.

"Nitafunga," Nanyama akasema. "Kwanza wanawake wako wauruke huu mpira. Wote. Bibi harusi wa mwisho."

"Hapana! Mwanamke haruki pa..." Mungai akakatika. Akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Malizia, mzee. Mwanamke haruki nini?"

"Wewe... wewe ni yule mama wa uji."

"Uliniita nani? Sema kwa nguvu, mkwe wako asikie."

Mafundi wa Grogan walikuwa wameacha kazi zao na kuzunguka. Mungai akanong'ona, "Mama Hewa."

"Mnamsikia? Alisema niliruka paipu ya gari hilihili, nikaliingiza hewa. Akamwaga uji wangu, akanivisha jina, na mtoto wangu analivaa mpaka leo. Sasa, mzee, sikia. Waruke wote. Gari lisipowaka, nitalisukuma mpaka kanisani kwa mabega yangu, na nizikwe na jina hilo. Likiwaka, jina ni lako."

"Siwezi! Siku ya harusi ya mtoto wangu! Mama, tafadhali, sema unataka nini, nitakupa chochote."

"Nimekwambia ninachotaka. Kanisa lile pale."

Mlango wa gari ukafunguka, na Cucu akatoa mguu nje. "Mungai! Unaogopa nini, mpira? Nilikuzaa wewe na hilo kichwa lako, niogope mpira?" Akainua sketi kwa mikono miwili, akauruka, akageuka, akauruka tena kurudi. Mafundi wakapiga makofi na miluzi. Shangazi wakafuata mmoja mmoja, wakichekeana. Mwisho Waceke akakusanya nguo yake nyeupe mapajani. "Baba, pole, lakini mimi nataka kuolewa leo," akasema, akauruka.

Nanyama akauruka baada yao. Lakini hakumaliza kuruka. Alisimama hapo, mguu huu huku na huu kule, mpira katikati, akamtazama Mungai mpaka Mungai akaangalia viatu vyake.

Ndipo akafunga. Akabana kila upande, akafungua skrubu ya filta, akapiga pampu. Povu, povu, kisha dizeli safi, akaifunga ikiwa bado inatiririka. Akalegeza nati za nozeli moja moja, dereva akipiga stata, mpaka kila moja ikatema dizeli bila pumzi. "Washa." Mjerumani akakohoa, akatikisika, akanguruma.

Mungai akakimbilia mlango.

"Bado," Nanyama akasema. "Mgeuzeni. Pua juu. Mzime."

"Asizimwe!" Mungai akalia. "Mama, nakuomba, asizimwe!"

"Zima," Wahome akasema, maana sasa yeye pia alitaka kuona.

Likazimwa, likaachwa likitazama juu mlimani, jinsi ambavyo Mungai hakuthubutu kuliacha miaka yote hiyo. Nanyama akachukua sufuria yake akaanza kupima uji. Akampa Cucu, akawapa shangazi, akampa Wahome. Bibi harusi akapewa cha kwake na kitambaa cha kukingia nguo. Hakuna aliyeharakishwa. Mungai akanyoosha mkono naye apokee. Nanyama akajaza kikombe mpaka juu, akakileta mpaka mbele ya mkono ule, akakigeuza. Uji ukamwagika mbele ya viatu vyeusi vilivyopakwa rangi, ukateremka na mteremko.

"Sasa washa," akamwambia dereva.

Liliwaka mara moja, pua juu.

Wahome alicheka mpaka akashikilia mlango wa gari. "Haya, Baba Hewa," akamwambia Mungai, "panda twende!" Na Grogan yote ikaitikia.

Kule kwenye karamu, Wahome alipopewa nafasi ya kusema machache kwa niaba ya upande wa bwana harusi, hakusema machache. Jina lilifika Kabiria kabla ya sahani kuoshwa, na kule Kangemi Mama Hewa akawa Nanyama tena. Jumatatu watoto walimngoja Mungai barabarani: "Baba Hewa, tujazie mpira!" Wapangaji wake waliliita hivyo hata jengo lake. Alimuuza Mjerumani kwa hasira, lakini jina hakupata mnunuzi.

Baadaye, alipochoka, alikwenda Kangemi kwa miguu, akabisha mlangoni kwa Nanyama. Hakuingia. Alisimama nje na kofia mkononi, akasema amekuja kuomba, mama awaambie watu waache.

"Umekuja kumwomba nani?" Nanyama akauliza. "Jina langu ni nani?"

Mungai alikuwa amekunywa uji wake, ameumwaga, gari lake limepona kwa mikono ya mama huyo, na jina lake hakulijua.

"Nenda ukaulize," Nanyama akasema.

Akaenda kuuliza sokoni, mtu mzima yule, kibanda kwa kibanda. "Namtafuta yule mama wa..." anaanza, na wauza mboga wanamkata: "Mama gani? Ana jina!" na kuendelea na sukuma wiki zao. Ilikuwa jioni alipotajiwa, akarudi.

"Nanyama," akasema. "Unaitwa Nanyama."

"Ndiyo," Nanyama akasema. "Basi mimi ninalo langu, na wewe unalo lako."

Akafunga mlango, akaendelea kukoroga uji wa kesho.